Barza ya Kitsa

Wivu wa Kitsa ulianzia Beni, siku walipokwenda kumwona mtoto, ingawa mwenyewe angekuapia kwamba hakuwa na wivu wowote. Alikuwa amechoka na safari tu. Vumbi la barabara limemjaa puani, kiuno kinamuuma, na njaa nayo. Mtu hawezi kukunja uso bila watu kumtafutia sababu?

Walikwenda watatu kutoka Butembo: Kitsa, mkewe Orpa, na mzee Stanislas, baba yake Orpa. Mtoto alikuwa wa Bénie, mdogo wake Orpa, aliyeolewa miaka miwili nyuma na Jordy, kijana wa Kisangani aliyeletwa Beni na serikali kufanya kazi katika ofisi ya kilimo. Basi Kitsa na Jordy walikuwa wanyumba, waume wa dada wawili, na kati yao Kitsa ndiye mkubwa. Mkubwa kwa umri, mkubwa kwa ndoa, na kwa tumbo pia alikuwa mkubwa. Kazi yake ilikuwa useremala, na alikuwa seremala wa kweli, hilo hata maadui zake walikubali.

Mtoto alionwa, akasifiwa, akaombewa, akarudishwa kwa mama yake. Kumbe mzee Stanislas alikuwa ameshatoka zamani. Walimkuta nje kwenye barza, ameinama, anatazama sakafu kama mtu aliyeangusha shilingi.

Nyumba ile ilikuwa ya kupanga, na barza yake ilikuwa ya mbao, ndogo, hatua nne umeimaliza. Lakini iling'aa. Ilikuwa na rangi ya asali, na mistari ya mti ilionekana moja moja.

"Jordy," mzee akauliza, "hii mbao iko mupya?"

"Hapana, papa. Hii mbao ni muzee kunipita mimi. Wakati tuliingia humu ilikuwa mweusi. Niliiosha tu."

"Uliosha na nini?"

"Na maji ya majivu, kisha na maji ya ukali. Papa yangu alikuwa anaosha pont ya bateau, ile mbao ya juu ya mashua, kule Kisangani. Yeye njo alinifundisha."

Mzee Stanislas akapiga goti. Goti lile lilikuwa bovu, hata kanisani padri alikwisha kulisamehe, lakini kwa barza ya Jordy lilikunjika. Akapitisha kiganja juu ya mbao, taratibu, kama anayempapasa mbuzi mwenye mimba.

"Na ile yangu ya Butembo? Ile iko kijivu sawa panya?"

"Itarudia, papa. Muti ya muvula inazeeka ngozi tu. Ndani haizeekake."

Kitsa akasikia kitu kinamkaa kifuani. Kijivu sawa panya! Barza ile ya Butembo ilikuwa ya nani?

Na hapa inabidi nikueleze, maana bila hili utamwona Kitsa mtu mdogo, naye hakuwa mdogo kiasi hicho. Miaka kumi na mitano nyuma alikuja kwa mzee Stanislas kumwomba Orpa, binti wa kwanza, akiwa hana jina wala baba wa kumsemea. Mzee alimwambia hatoi mtoto kwa mtu ambaye hajui mikono yake. Kitsa akaomba apewe sehemu ya mbele ya nyumba na mwezi mmoja. Akaenda mwenyewe hadi upande wa Mambasa kuchagua mti, mvule, akausimamia ukipasuliwa, akaurudisha Butembo, akauranda, akautandika kwenye ule mteremko mbele ya nyumba, na kati ya ubao na ubao akaacha nafasi ya unene wa ukucha, isiyozidi wala kupungua. Siku ya mwisho mzee alimwaga ndoo ya maji pale juu. Maji yakateremka yote, hakikubaki kidimbwi. Mzee akasema, "Kuya uchukue mutoto."

Tangu siku hiyo mtaa mzima uliiita Barza ya Kitsa. Watu walielekezana nayo: pita kwa fundi wa viatu, panda, utaona Barza ya Kitsa, hapo ulizia. Mtu asiye na baba alipata jina lake pale, chini ya miguu ya watu.

Tena katika nyumba ile kulikuwa na desturi moja. Siku ya shauri la ukoo mzee hakusema na wageni kwa kinywa chake. Aliketi barzani akisikiliza, na aliyekaa kwenye kiti cha kuume kwake ndiye aliyesema kwa niaba yake. Miaka yote kiti kile kilikuwa cha Phinées, mdogo wake mzee. Phinées alifariki mwaka uliopita. Mzee hakuwa na mtoto wa kiume, na baada ya majuma matatu wazee wa kijiji cha Kipese wangeleta mbuzi wa kumposa Myriam, binti wa mwisho. Kiti kilikuwa wazi. Kitsa hakumwambia mtu, lakini kila asubuhi akinyoa ndevu alikuwa akijizoeza maneno ya kuwapokea wageni.

Sasa jibu mwenyewe kama hakuwa na haki ya kukunja uso.

"Papa," akasema pale Beni, sauti ikimtoka nzito, "mbao ikizeeka imezeeka. Dawa yake ni peinture. Tupige rangi ya marron, biishe."

Mzee hakugeuka. "Jordy, utakuya Butembo."

"Nitaomba congé ku kazi, papa."

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Njia nzima ya kurudi, ndani ya taksi, mzee alimsifu Jordy. Jordy hivi, Jordy vile, mtoto mwenye akili, mtoto wa adabu, kwao hakuna milima lakini ona. Orpa akamgeukia mumewe.

"Kitsa, unatafuna nini?"

"Sitafune kitu."

"Meno inalia."

Jordy alifika Jumatatu, na begi dogo na kicheko kikubwa. Jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kumaliza chai, ni kukata ndimu moja, kuikamulia kwenye ubao karibu na mlango, kusugua kidogo kwa kitambaa na kumwagia maji. Sehemu yenye ukubwa wa sahani ikatoka katika ule ukijivu, ya dhahabu. Mama Thérèse, mke wa mzee, akapiga vigelegele peke yake. Jirani wakatoka kuona.

"Angalia, yaya," Jordy akamwambia Kitsa, maana kwao yaya ni kaka mkubwa. "Angalia mbao yako."

Alisema mbao yako. Nakuambia alisema hivyo, nami sina sababu ya kumpendelea. Lakini sikio la mwenye wivu lina mlango wake, na kwa Kitsa neno lile halikupita. Alichosikia ni vigelegele.

Jumanne waliosha kwa maji ya majivu ya jikoni, yaliyochujwa usiku kucha. Jordy alisugua kwa ufagio mgumu, amevua shati, akiimba nyimbo za Lingala, na povu la miaka kumi na mitano likateremka mteremkoni jeusi kama chai ya rangi. Mbao zilipoanza kukauka zikaonekana nyeusi kuliko kwanza. Kitsa akaja kutoka karakana yake, akazunguka, moyo wake ukapoa kidogo.

"Ehe! Imekuwa mubaya zaidi."

"Njo vile, yaya. Majivu inatosha uchafu, inautoa yote, mais inageuza mbao mweusi. Ukali njo itarudisha sura. Donc sasa tunaacha ikauke mpaka samedi."

Ukali wenyewe ulikuwa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Mama Thérèse alikuwa na pipa lake lililochacha, la mazishi yaliyopita, kali hata nzi waliliogopa, na alikuwa anatafuta nguvu ya kulimwaga. Jordy alilichuja kwa kitambaa, akaongeza ndimu, akalifunika, pipa la bluu la plastiki, kivulini nyuma ya jiko. Kisha akamshika Kitsa mkono, akamvuta pembeni kama fundi anavyomvuta fundi.

"Yaya, ni wewe tu ninakuambia, juu wewe unajua mbao. Hii maji isiguse chuma. Hata ndoo, iwe ya plastique. Ikikula chuma, itageuka sumu. Ukiipakaa ku muvula, itakuwa mweusi sawa makala ya jiko."

"Nimesikia," Kitsa akasema.

Alikuwa amesikia vizuri sana.

Nataka uamini kwamba siku hiyo hakuwa na nia mbaya. Nia ilikuja Jumatano. Siku hiyo alifika jioni, jua bado lipo, akakuta viti vimetolewa uani kwa sababu barza inakauka. Mzee kwenye kiti chake, mama Thérèse anamenya viazi, Jordy amesimama anamsalimia jirani kwa Kinande kibovu. "Wasingya," yaani asante, Jordy anasema pale ambapo mtu hashukuru, na wote wanakufa kwa kicheko, hata mzee, aliyekuwa hajacheka tangu Phinées azikwe. Mzee anajifuta machozi, anapiga kiti kilicho kuume kwake kwa kiganja.

"Kuya, mwana. Ikaa hapa."

Jordy akakaa. Alikaa tu, kama mtu anavyokaa akiitwa, akaweka mguu mmoja juu ya mwingine na kuanza kumenya viazi. Hakujua amekalia nini. Lakini Kitsa alijua, na mzee alijua. Kitsa alibaki amesimama mlangoni pa ua, kofia mkononi, na hakuna aliyemwona kwa muda wa kutosha kuvunja moyo. Alikuwa na wivu. Basi, nalisema wazi kwa niaba yake: alikuwa na wivu mpaka mate yalikuwa machungu. Alimwonea wivu Jordy kifua chake chembamba, Kinande chake kibovu, baba yake aliyemfundisha kuosha mashua. Hasa huyo baba.

Alhamisi mchana mama Thérèse na binti zake walikuwa sokoni, na mzee alikuwa ameteremka mjini pamoja na Jordy kuchagua vernis ya kung'arishia mbao kwa wauzaji wa jumla. Kitsa alikuja na mfuko. Ndani ya mfuko kulikuwa na kopo, na ndani ya kopo misumari yake ya zamani, iliyopinda, yenye kutu, ile ambayo seremala huiweka miaka akisema itafaa siku moja. Siku ilikuwa imefika. Akafunua pipa, harufu ikampiga puani, akaimimina misumari yote. Ilizama bila kelele. Akafunika, akaondoka kwa mlango wa nyuma, na njiani akamsalimia kila mtu kwa furaha ya ajabu.

Jumamosi walijaa watu. Orpa alikuja, Bénie alipanda kutoka Beni na mtoto mgongoni, na jirani walijisogeza kwa visingizio vya kuomba chumvi. Jordy alichota maji kwa ndoo ya plastiki, akashangaa kidogo rangi yake, lakini kasiksi ina rangi zake, akaendelea. Alimwaga, akasugua, akamwaga. Na mbao zikang'aa! Watu wakapaza sauti. Kitsa akahisi jasho. Je, amekosea? Je, misumari haikufanya kazi? Katika maisha yake yote, kazi ya mikono yake ilikuwa haijawahi kumwangusha.

Haikumwangusha. Mama Thérèse alipoleta chai, upande wa ngazi ulikuwa umeingiwa na kivuli. Mtu akatazama juu kutafuta wingu. Hakukuwa na wingu. Vikombe vilipofika nusu, kivuli kilikuwa kimefika katikati, na kabla ya vikombe kuisha barza yote ilikuwa nyeusi ya buluu, nyeusi ya sufuria iliyoungua, kutoka ukuta hadi ngazi. Mtoto wa Bénie peke yake ndiye aliyeendelea kupiga kelele.

Kitsa alingoja. Huu ndio wakati aliokuwa ameununua. Sasa mzee atamgeukia yule mtoto wa Kisangani.

Mzee Stanislas aliinuka, akaishika fimbo yake, akageuka, akamtazama Kitsa.

"Kitsa. Hii mbao ulitosha wapi?"

"Papa?"

"Ninakuuliza. Jordy ameosha ya Beni, haikufanya hivi. Maji ni ileile. Donc shida ni mbao." Sauti ya mzee ilikuwa ndogo, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Uliniambia ni muvula. Ulichukua mbao ya bure, ukaipakaa kitu, ukaniletea. Miaka kumi na tano nilikuwa naikaliaka bongo, uongo mutupu. Juu ya ile bongo nilikupatia mutoto yangu."

Orpa alimtazama mumewe kama anamwona kwa mara ya kwanza. Nyuma, jirani mmoja alishaanza kunong'ona kwamba hata meza aliyomtengenezea ilikuwa na kasoro. Mchimba shimo huingia mwenyewe, tunasema, na tunasema kirahisi kwa sababu shimo si letu.

Jordy alikuwa amechuchumaa, ananusa vidole vyake. Akainuka, akaenda nyuma ya jiko. Kitsa akasikia pipa linainamishwa, na chini yake, kwa maji yaliyobaki, misumari ikilia. Ikalia tena. Kisha kimya.

Jordy aliporudi hakumtazama Kitsa. Alikwenda moja kwa moja mbele ya mzee.

"Papa, mbao iko muzuri. Ni muvula ya kweli. Kosa ni yangu mimi. Kuko chuma iliingia mu maji, na sikuangalia mbele ya kupakaa. Papa yangu alinikatazaka hiyo tangu utoto. Unihurumie."

Uso wa mzee ukalegea, mkono wake ukapanda juu ya bega la kijana.

"Mutu mwenye kukubali kosa yake mbele ya batu," akasema, "ule njo mutu."

"Vraiment, kweli kabisa," jirani wakaitikia.

"Pole, mwanangu," mama Thérèse akasema, akamwongezea Jordy chai. Myriam akamletea kiti. Bénie akamtazama mumewe kwa macho ambayo Orpa hakuwahi kumtazama nayo Kitsa tangu mwaka wa harusi. Hata mnong'onaji yule alikubali kwamba watu wa namna hii wamekwisha duniani.

Kitsa aliona haya yote. Amesalimika, unaona. Jina la mbao zake limerudishwa, na hakuna aliyemtaja. Mtu mwenye busara angekunywa chai yake. Lakini kosa lile lilikuwa la kwake! Alilibuni yeye, akalibeba yeye kwenye mfuko kutoka karakana hadi hapa, akalala nalo usiku wa siku mbili bila kupata usingizi, na sasa kijana huyu amelichukua, amelivaa, na linampendeza. Barza amechukua. Kiti amechukua. Kicheko cha mzee amechukua. Hata dhambi ya mtu haachi?

"Hapana!"

Watu wakageuka.

"Hapana! Ile kosa haiko yake!" Kitsa alikuwa tayari anakimbia nyuma ya jiko. Alirudi mikono inamtiririka maji meusi, akaitupa misumari juu ya barza, karibu na mlango, ikatawanyika. "Angalia! Ni misumari ya nani hii? Ni ya nani? Ni yangu! Nilitosha ku atelier yangu, nikaweka mu maji siku ya jeudi, saa ile mulikuwa mu soko. Mimi! Jordy hajue kitu!"

Ingekuwa vizuri kukuambia kwamba alisukumwa na dhamiri. Sitakudanganya. Ulikuwa wivu uleule, ulioingia kwa mlango mwingine.

Orpa alijifunika uso kwa kitenge. Mzee Stanislas aliitazama misumari, kisha akamgeukia Kitsa.

"Juu ya nini?"

Kitsa alitaka kusema mengi, na yote alikuwa amejizoeza mbele ya kioo, lakini hayo yalikuwa maneno ya wageni. "Juu ya kiti ya papa Phinées," akasema. "Ulimwikalisha ule. Nilikuwa na wivu, papa. Niko nayo hata sasa hivi."

Hakuna aliyecheka. Mzee alimgeukia Jordy. "Inaweza kutoka?"

"Na ndimu, papa. Ndimu peke yake, bila kitu ingine. Mais ndimu mingi sana. Na mimi kesho ninarudia ku kazi."

"Kitsa atafanya," mzee akasema, akaingia ndani, akafunga mlango. Misumari ilibaki pale ilipoangukia hadi jioni, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana akiiokota.

Kitsa alikwenda Beni mwenyewe, maana Beni ndiko kwenye joto na ndimu ndiko ziliko. Akarudi kwenye pikipiki, gunia moja mbele ya dereva na moja mapajani. Siku sita alikamua. Mikono ya seremala haikosi mikwaruzo, na kila mkwaruzo ulijitaja. Alipiga magoti kwenye mbao zake, ubao baada ya ubao, akimwaga, akingoja, akisugua kwa kitambaa, akisuuza. Weusi ulitoka shingo upande. Chini yake akaanza kukutana na watu aliowajua: ubao huu ulimkata kidole, huu ulikuwa na fundo akaugeuza, huu aliutandika siku Orpa alipomletea maji mara ya kwanza na hakumwambia neno. Alikuwa amewasahau wote. Siku ya nne Orpa alikuja na kisu, akakaa kwenye ngazi, akaanza kumkatia ndimu. Kitsa hakuthubutu kushukuru.

Barza yote ilirudi, isipokuwa sehemu moja karibu na mlango, pale alipoitupa misumari. Pale palibaki doa kubwa kama sinia, na ndani yake ungeweza kuhesabu michoro ya misumari iliyopinda. Alisugua mpaka kitambaa kikatoboka. Akampigia Jordy simu.

"Ile haitatoka, yaya," Jordy akasema. "Imeingia mu roho ya mbao. Piga vernis tu."

Akapiga vernis.

Siku ya mbuzi wazee wa Kipese walipanda na Vagheni, kijana aliyemtaka Myriam, na mbuzi wao wakilia barabarani. Barza ilikuwa inang'aa mpaka wageni walivua viatu bila kuambiwa. Kitsa alikuwa amejipanga nyuma kabisa, karibu na masufuria, amevaa koti lake la ndoa lisilofunga tena. Jordy alisimama ukutani, mtoto begani.

Mzee Stanislas alitoka ndani akikokota kiti cha Phinées mwenyewe, hakukubali kusaidiwa. Akakiweka kuume kwa chake. Akakitazama, akakisogeza hatua moja, akakisogeza tena, mpaka miguu yote minne ikasimama juu ya doa.

"Kitsa," akaita. "Kuya. Ikaa."

Kitsa alipita katikati ya watu, masikio yanawaka moto. Akakaa. Lile doa lilikuwa kubwa kuliko kiti, lilitokeza pande zote, mtu hakuhitaji miwani. Akafungua kinywa, na maneno aliyojizoeza miezi yote akiwa ananyoa ndevu yakatoka, mazuri, kwa mpangilio, na mzee akawa anatikisa kichwa pale panapostahili. Msemaji wa Kipese alijibu kwa heshima. Kisha, kama mgeni mwenye adabu anavyosifu nyumba aliyoingia, akauliza:

"Na hii barza, baba, muzuri hivi? Nani aliitengeneza?"

Kitsa alimtazama Jordy, na Jordy akatazama miguu yake. Lilikuwa jambo la kusema neno moja. Ee Mungu, neno lenyewe lilivyokuwa tamu ulimini.

"Mbao ni yangu," Kitsa akasema. "Hii mwangaza ni ya mwenzangu, ule pale, Jordy. Yeye njo alitufundisha."

Lilimuuma kulitoa, kama jino. Wageni walimgeukia Jordy, wakampigia makofi, na Kitsa akawaonea wivu hata makofi.

"Na hii mweusi, hapa chini yako?" mgeni akauliza.

Jordy akafungua kinywa haraka, na ungeweza kuona kwamba alikuwa na jambo jema la kusema, la kumfunika mwenzake.

"Wewe, nyamaza," Kitsa akamwambia. Akainama, akaliwekea doa kiganja chake. "Hii mweusi ni yangu. Yangu mimi peke yangu."

Mzee Stanislas akatikisa kichwa mara moja, kisha akaomba mbuzi waletwe.